Mswaki wa Alasiri

Mama yangu alizikwa na meno yake yote, na wanawake waliomwosha walitoka wakiyasifu. Nilikuwa nje nachochea moto wa maji nikawasikia, nikakasirika, maana meno yale nilikuwa nayajua kuliko wao. Na yangu ni mazuri vilevile. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyatunza, na sitamnyima haki yake.

Katika miaka ya sitini tuliishi nje kidogo ya Mikindani, mimi na yeye tu, baba akiwa ametuachia mikorosho na shamba la muhogo. Miti ya mswaki iliota kule chini kwenye ardhi ya chumvi, kabla hujaifikia mikoko. Mama hakukata matawi. Alichimba mzizi wa pembeni, kwa sababu mzizi una ukali zaidi, kisha akalifukia shimo ili mti usife. Nyumbani aliuosha, akamenya gome kidogo nchani, akautafuna mpaka nyuzi zikafumuka. Hapo ndipo somo lilipoanza. Sugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, usiparuze kama unapaa samaki. Ndani na nje. Usisahau ulimi. Kesho ikate ncha ya jana, maana ncha iliyochoka haisafishi kitu.

Ukali wake unafanana na haradali, na utotoni ulinitoa machozi. Lakini fizi zangu, zilizokuwa zikitoka damu kila nikila muhogo mkavu, zilikaza zikanyamaza. Ukoga sikuujua. Wenzangu walilia na magego, wakapakwa karafuu na kufungwa vitambaa mashavuni, mimi nikawa natafuna bisi mbele yao kwa kusudi.

Jambo moja lazima lieleweke, vinginevyo hadithi hii haina maana. Mwalimu wetu wa chuoni, tuliposomea Kurani, alitufundisha kwamba aliyefunga anaweza kupiga mswaki asubuhi apendavyo, lakini jua likishapinduka auweke kando mpaka magharibi. Hafungui swaumu akiutumia, ila inachukiza, kwani harufu ya kinywa cha mfungaji ina heshima yake kwa Mungu. Kwetu hata watoto walijua. Na watu, kama kawaida yao, waliongeza la kwao: anayepiga mswaki alasiri ya Ramadhani amekula, anaficha harufu ya chakula.

Posa yangu ilikuja mwezi wa Shaabani. Kijana alikuwa wa Chuno, kule mjini, karani bandarini, na nilikuwa nimemwona mara chache akipita na baiskeli. Nilimtaka. Sioni haya kusema hivyo sasa. Nilimtaka mpaka nikawa najifunza kupika vyakula ambavyo hatukuwa na uwezo wa kuvinunua.

Kwao walitaka ndoa ifungwe mara tu baada ya Idi, kwa hiyo hawakungoja mfungo uishe. Shangazi yake angekuja kuniangalia katikati ya Ramadhani. Desturi ilikuwa hiyo: mwanamke wa upande wa mume huja, humkalisha binti karibu naye, humsemesha taratibu, na huku anamtazama meno na kumnusa pumzi. Binti hujibu kwa sauti ya chini akiulizwa. Asipoulizwa hasemi.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, mama aliniita uani akanipa mswaki aliokwisha kuutengeneza. Nilimwambia jua limekwisha pinduka. Akasema kinywa changu kinanuka njaa, mgeni yule ni mtu wa mjini, na hatukumhangaikia mchumba huyu ili tumkose kwa sababu ya harufu. Hakuna atakayejua, alisema. Nikasugua, nikasukutua, nikatema.

Shangazi alifika amejifunga kanga mpya, akanivuta karibu naye mkekani. Aliniuliza juu ya kusoma, juu ya kushona. Nilipofungua mdomo kujibu alinitazama meno ya mbele. Unyuzi mmoja wa mswaki ulikuwa umenasa pale, na ule ukali wake haufichiki.

"Mwanangu, saa hizi umetafuna nini?"

Nilimtazama mama. Sikuweza kumtaja mbele ya mgeni. Binti anayeangaliwa hamtii mamake aibuni. Lilikuwa neno la mama kulisema, na lilikuwa neno dogo. Mama aliuinamia ukingo wa mkeka, akawa anang'oa ukindu uliofumuka.

"Watoto wa siku hizi, dada yangu," akasema. "Ukigeuka tu."

Posa ilivunjwa kabla ya Idi. Sababu ilitufuata nyuma yake: binti anakula mchana. Kisimani wakaniita kobe, jina la wanaokula kwa kujificha, na jina lile lilinifuata mpaka Rahaleo mjini, nilikokwenda kujifunza kushona. Karani alioa mwingine. Kwetu hakuna aliyebisha hodi tena kwa shughuli hiyo, na mama hakulizungumza hata siku moja. Kila asubuhi aliendelea kunipa mswaki wangu. Niliupokea.

Miaka ya sabini ilipofika katikati, mama akaanguka kitandani. Mikono ilikufa ganzi, akashindwa hata kushika kikombe. Alasiri moja akaomba mswaki. Nilichimba mzizi nikalifukia shimo, nikamenya gome, na kwa kuwa hakuwa na nguvu za kutafuna niliilainisha ncha kwa meno yangu mwenyewe. Nikamwinua, nikamsugua kutoka ufizini kwenda nchani, kama alivyonifundisha. Nilikuwa nimefika upande wa kulia nilipomwuliza. Nilimwuliza kwa nini siku ile hakusema.

Hakujifanya hakumbuki siku gani.

"Wangesema mama mtu ndiye hana dini," akasema. "Mimi nilikuwa mjane, sina kitu ila jina. Wewe ulikuwa msichana, ungepata mwingine."

"Sikupata, mama."

Alinitazama akingoja, nadhani, niseme nimemsamehe. Nilisuuza mswaki kwenye kikombe, nikamwambia afungue kinywa, upande wa kushoto ulikuwa bado.