Neno Lililoingia Kwenye Faili

Kwa miaka kumi na tisa fundi mmoja alikaa meza ya mwisho katika karakana ya sare za shule, akikagua mashati kabla hayajapigwa pasi. Wenzake walimwita Mama Fumua, maana mshono uliopinda aliufumua na kuushona upya mwenyewe, bila kumsema aliyeukosea.

Siku ya tathmini, msimamizi mpya, umri sawa na mwanawe wa pili, alimsukumia karatasi atie sahihi. Penye maoni paliandikwa neno moja tu: mzembe.

Akalisoma mara mbili.

"Mwanangu, hili neno umelikusudia?"

"Mama, wakaguzi wa karakana nyingine wanapitisha mashati mia kwa siku. Wewe sitini."

"Basi andika nachelewa. Andika hata goigoi, nitacheka nirudi kazini. Mvivu anaiona kazi anaikwepa. Goigoi anaifanya, ila kwa kujikokota. Mzembe anafanya bora liende, ikiharibika shauri yake. Mimi umeniona lini naharibu?"

"Yote ni mamoja, mama. Tia sahihi."

Hakutia. Nyumbani alimsimulia mumewe, naye akasema, huku akitafuta rimoti, "Neno tu hilo, mke wangu." Hapo ndipo neno lilipomchoma hasa. Macho yake aliyaacha kwenye zile sindano, halafu anaambiwa neno tu.

Kesho yake akahamishiwa kwenye vifungo. Meza ya ukaguzi ikabaki tupu, na mashati yakatoka chapuchapu, msimamizi akitembea kifua mbele. Wiki ya tatu shule moja ikarudisha maboksi manne. Kola zimepinda, makwapa yamefumka.

Msimamizi akamfuata, sauti imeshuka. "Mama, naomba urudi meza yako. Tumekwama."

"Na lile neno?"

"Faili lilishapelekwa makao makuu. Kulirudisha ni mlolongo mrefu. Lakini sisi hapa tunakujua."

"Makao makuu hawanijui."

Kijana akajikuna kisogo, akaondoka.

Mama Fumua alikunja mikono. Alitamani amwachie maboksi yake ayafumue mwenyewe, aone mashati sitini yanapatikanaje. Mafundi wote wakawa wanamtazama kwa pembe za macho. Kisha akaliona shati la juu, dogo, la mtoto wa darasa la kwanza, limeachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Akavaa miwani. Alishona hadi jioni, na chai yake ikapoa mezani.

Kabla ya kutoka aliomba karatasi kwa karani, akawaandikia makao makuu barua ya kurasa mbili, akieleza mzembe ni nani na yeye ni nani. Mwezi ukapita bila jibu. Akaandika ya pili, fupi zaidi na kali zaidi, akaipeleka posta mwenyewe.