Sukari Iliyowasha Taa

Sukari haiwashi taa. Hilo nimelifundisha hapa Likasi, mji wa migodi, miaka mingi, kwa Kifaransa kama shule inavyotaka, kisha kwa Kiswahili ili lieleweke. Chumvi ni ya ioni: ikiingia majini inagawanyika vipande vyenye chaji, umeme unapita, taa inawaka. Sukari ni ya kovalenti: inayeyuka, lakini molekuli zake zinabaki nzima, hazina chaji, na taa haiwaki ng'o. Natumia betri, nyaya mbili na taa ndogo ya tochi, maana maabara hatuna.

Maji huwa nakinga ya mvua. Mwaka huu mvua imechelewa, nikabeba kidumu cha maji ya kisima chetu, kile alichokichimba marehemu mume wangu uani kwa mikono yake.

Nikatia sukari. Taa ikawaka. Darasa zima likaandika kwamba sukari ni ya ioni. Nikawaka na mimi, nikamfokea msichana aliyekoroga kuwa kijiko chake kina chumvi. Kijiko kikaoshwa, paketi mpya ya sukari ikafunguliwa, taa ikawaka tena. Ndipo nikachovya nyaya kwenye maji matupu ya kisima. Taa iliwaka vilevile. Kwenye maji ya chupa ya mwalimu mwenzangu haikuwaka.

Najua kila kisima kina chumvichumvi zake. Lakini ule mwanga ulikuwa mkali mno, na taa haitaji jina la kilichomo majini. Inasema tu kuna kitu. Mtaani kwetu malori ya madini hupita kutwa, vumbi lake tunalifuta hadi kwenye sahani. Mume wangu alikufa kwa figo. Daktari alimwambia anywe maji mengi, na mchotaji nilikuwa mimi. Siku hizi nasikia ndoo ikishuka kisimani, nikitoka uani sikuti mtu.

Binti yangu amerudi kwangu kujifungua. Siku ile nilipotoka shuleni nilimkuta kando ya kisima, kikombe mkononi. Nikamwambia asinywe tena maji yale, nikamweleza kuhusu taa. Alisikiliza bila kubisha, mkono juu ya tumbo.

“Mama,” akasema polepole, “hii mayi njo nilikunywaka tangu butoto. Sasa ile yenye iko mu mwili yangu, tutaitosha namna gani, itoke yote?”

Nilimpokonya kikombe. Kilikuwa kitupu.