Mzee Para na Mwavuli wa Kujifungulia

Ukiuliza mitaa ya Langas, pale Eldoret, Wabuge anakaa wapi, watakuuliza Wabuge yupi. Uliza Mzee Para, na hata anayechoma mahindi kando ya barabara atayaacha yaungue ili akuonyeshe geti. Ndiye anayekodisha tenti na viti. Harusi iwe Kesses, mazishi yawe Plateau, utamkuta amefika kabla ya wapishi, mikono ya shati imekunjwa, akivuta kamba na kuwafokea vijana wake kwamba tenti haisimamishwi kwa maombi.

Alizaliwa Kimilili, akaandikishwa jeshini akiwa bado hana ndevu za kunyoa, na bahati ikamtupa katika kikosi cha para, askari wanaoruka kutoka ndegeni kwa miavuli, na jina likamganda. Miaka yake ya utumishi ilipokwisha, wenzake walirudi kulima. Yeye alikuja Eldoret na mkewe Nakhumicha, akanunua tenti ya kwanza, na tangu hapo maisha yake yakaendelea kuwa ya vitambaa vikubwa na kamba, isipokuwa sasa alibaki chini.

Lakini mdomo wake haukubaki chini. Tenti ikishasimama na chai ikiletwa, Wabuge hukaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha miguu, na watu humzunguka. Huwaambia jinsi mlango wa ndege unavyovuma. Huwaambia jinsi sajini alivyokuwa akiwasukuma kama magunia. Alikuwa ameruka zaidi ya mara sitini, na kila mara aliposimulia, mti mmoja alioukosakosa karibu na uwanja wa kutua ulimkaribia zaidi. Watu walijua anatia chumvi. Walimpenda hivyo hivyo. Hata padri, akitangaza shughuli za wiki kanisani, husema tenti zitaletwa na Mzee Para.

Basi mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, kikundi cha warukaji raia kilikuja na ndege ndogo kwenye shamba kubwa la ngano upande wa soko la Ziwa, penye uwanja wa nyasi ambao ndege za kunyunyizia dawa hutua. Habari zilifika Langas kabla ya ndege yenyewe. Zilipomfikia Wabuge alikuwa kwenye kikao cha wanaume wa kanisa, na kabla hajafikiri alikuwa ameshasema.

"Nitaenda kuwaonyesha hao vijana vile kazi hufanywa."

"Sisi tutakuja kuona," akasema Nicanor, muuza maziwa, jirani yake na mchokozi wake wa siku zote. "Tumesikia hiyo story miaka mingi. Sasa tunataka video."

Wakaja kweli. Jumamosi hiyo, lori la viti la Wabuge mwenyewe lilijaa wanaume wa kanisa, wake zao na thermosi za chai. Wabuge alikuwa amevaa buti zake za zamani, zimepakwa kiwi hadi zinang'aa. Wengine walijipanga kwenye uzio, yeye na Nakhumicha wakaenda kwenye meza ya kujiandikisha, na Wabuge alitembea kifua mbele, mwendo wa gwaride, akijua anatazamwa.

Kwenye meza alikuwapo mwanamke mfupi, mwenye miwani ya jua iliyopanda juu ya nywele. Jina lake Nyaguthii. Ndiye mwalimu mkuu wa kikundi kile, na alisimama kumsalimu Wabuge kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Karibu, Mzee. Umewahi kuruka?"

Wabuge alikuwa amelingoja swali hilo tangu alfajiri. Alimweleza yote: kikosi, ndege kubwa, mara zaidi ya sitini. Nyaguthii alisikiliza mpaka mwisho, na hakujifanya anasikiliza, alisikiliza kweli.

"Hiyo ni heshima kubwa, Mzee. Na kati ya hizo zote, ni ngapi ulivuta mwavuli mwenyewe?"

Wabuge alizitazama buti zake.

Tuseme ukweli, swali hilo halikuwahi kuulizwa Langas. Jeshini, askari haruki na kuamua lini mwavuli ufunguke. Kamba yake hutundikwa kwenye waya ulio ndani ya ndege. Akitoka mlangoni, kamba inakaza, inauvuta mwavuli kutoka mgongoni, na yeye anahesabu tu: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, elfu nne. Anainua macho, kitu kimefunguka. Muda si muda ardhi hii hapa. Kazi yake ni kutoka, kuhesabu na kuanguka vizuri.

"Hakuna," akasema Wabuge. "Ilikuwa inajifungua yenyewe."

"Na kuanguka bure, bila mwavuli, hata kwa dakika moja?"

"Mama, huko kwetu ukianguka bila mwavuli dakika moja, wanakuja kukuchukua na blanketi."

Nyaguthii alicheka, lakini hakuacha swali lake. "Basi Mzee, hapa kwetu wewe ni mwanagenzi. Si dharau. Hata rubani wetu, na anapaa kila siku, ni mwanagenzi akitoka kwa huo mlango. Mwenye uzoefu ni yule ameanguka bure mara nyingi, akajua kutulia, akajua yuko juu kiasi gani, akajifungulia mwavuli, akauongoza mpaka pale alitaka. Kwa hivyo leo nitakufunga kwangu, kifua changu kwa mgongo wako. Kesho tuna darasa la kina mwanagenzi, ukitaka kuanza kujifunza kuruka peke yako."

Kufungwa. Kifuani. Kwa mwanamke anayemfika begani. Na kule kwenye uzio Nicanor alikuwa ameshainua simu.

Wabuge alihisi masikio yakipata moto. Miaka yote hiyo ameitwa Para na wakubwa kwa wadogo. Leo angetoka mbele yao amening'inia kama mtoto kwenye kanga, na jina lenyewe lingeanguka kabla yake. Akageuka kumtazama mkewe, akashika goti la kulia, akapiga hatua mbili akichechemea.

"Hili goti, Mama Brigid," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Naona baridi ya asubuhi imeliingia."

Nakhumicha alimtazama goti, akamtazama uso. Ameishi na mtu huyu tangu hana hata kijiko cha kwake.

"Goti ambalo huuma ni la kushoto."

Wabuge akaachia goti.

"Baba Brigid," akasema mkewe, sasa kwa upole, "ulikuja hapa kuruka ama kuonekana?"

Swali hilo lilimchoma kuliko lile la kwanza, kwa sababu jibu lake alilijua. Tangu aache jeshi hakuwa ameingia ndegeni hata siku moja. Kuna asubuhi akikunja tenti, upepo ukaingia chini ya turubai na kulijaza, mikono yake hutulia ghafla, na vijana wake hudhani anapumzika. Alikuwa amelikumbuka lile anga miaka yote, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu watu walitaka vichekesho.

"Kuruka," akasema.

Akaenda mwenyewe hadi kwenye uzio. Hakutaka aletewe aibu na mtu mwingine. "Wanaume, sikizeni. Hapa mimi ni mwanagenzi. Nitafungwa kwa yule mwalimu, nirushwe naye. Anayetaka kucheka acheke sasa, nikirudi nitakuwa na shughuli."

Wakacheka, na si kidogo. Nicanor alishika uzio asianguke. "Para! Sasa utabebwa kama mtoto?"

"Mtoto hubebwa mgongoni," akajibu Wabuge. "Mimi niko mbele."

Ndege ilikuwa ndogo kama kibanda cha mpesa, na mlango ulikuwa umeng'olewa kabisa. Walikaa sakafuni. Nyaguthii alimfunga kwake, akakaza mikanda, akavuta, akakaza tena, huku akimrudia masharti: miguu nyuma, kichwa juu, mikono kifuani mpaka nikuguse. Nikikugusa bega mara mbili, shika kishikio hiki cha pajani, vuta. Ukichelewa nitavuta mimi. Wabuge aliitikia "ndiyo mwalimu" kila mara, na alishangaa jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa wepesi. Ndege ilipanda, ikapanda, ikapita pale ambapo jeshini wangekuwa wameshatua, wamekunja, wanakunywa chai. Ikaendelea kupanda.

Kisha wakawa mlangoni. Kisha hapakuwa na mlango.

"Elfu moja!" Wabuge alipiga kelele. Hakupanga; mwili wake ndio uliokumbuka. "Elfu mbili! Elfu tatu! Elfu nne!"

Akainua macho kuangalia mwavuli.

Akaona kidevu cha Nyaguthii, na mbingu.

Miaka yote, baada ya elfu nne, kulikuwa na kitu juu yake. Sasa hapakuwa na kitu. Upepo ulimjaa mdomoni, mashavu yakampepea, na dunia nzima ya Uasin Gishu ilikuwa inakuja bila kupunguza mwendo. Haujafunguka, aliwaza. Haujafunguka na huyu mtoto wa watu nitakufa naye. Akaanza Salamu Maria kwa Kibukusu, lugha anayoomba nayo akiogopa kikweli, akafika katikati, akaanza upya.

Lakini mtu hawezi kuogopa kwa nguvu ile ile kwa muda mrefu. Nyuma yake Nyaguthii alikuwa ametulia, mikono imekunjuliwa, kama amelalia maji. Wabuge akahisi utulivu ule ukipita kwenye mikanda. Akaacha kupigana. Akatambua kwamba haanguki ovyo. Hewa ilikuwa imemshika. Katika safari zake zote za jeshi hakuwahi kuijua hewa ile, kwa sababu mwavuli ulimnyakua kabla hawajasalimiana. Alikuwa mgeni hapa. Mgeni kabisa, na wala hakuona haya.

Bega likaguswa, mara mbili.

Mkono wake ulishuka pajani, ukapata kishikio, ukaganda. Maisha yake yote kamba ndiyo iliyoamua. Sasa kidole kilikataa kuamini kwamba zamu ni yake. Alijua akingoja kidogo tu, Nyaguthii atavuta, naye atakuwa amefunguliwa tena, kama siku zote.

Akavuta.

Mikanda ikamkaza mapaja, miguu ikaruka mbele, na ghafla kelele zote zikaisha. Juu yao mwavuli wa mstatili, wa rangi ya bluu na chungwa, ulikuwa umejaa. Yeye ndiye aliyeufungua. Chini kulikuwa na mabua ya ngano yaliyovunwa, ng'ombe wa watu, mabati ya soko la Ziwa yakimeremeta, barabara ikielekea mjini, na mbali sana mashariki, ukungu pale ambapo nchi inakatika kwenda bonde la Kerio.

"Mzee, uko sawa?" Nyaguthii akamwuliza sikioni.

Wabuge alikuwa analia, na hakuficha. "Sikujua kuna wakati wa kuangalia," akasema.

Nyaguthii alimpa kamba za kuongozea. Akavuta ya kushoto wakageuka kushoto, akavuta ya kulia wakageuka kulia, akacheka kama mtoto aliyepewa usukani wa trekta. Angezunguka hadi jioni. Lakini huku nyanda za juu hewa ni nyepesi na mwavuli hushuka mbio kuliko pwani, na Nyaguthii alichukua kamba zake mapema.

"Sasa inua miguu, Mzee. Kaa kama umekaa kwa kiti. Mimi ndiye nitakanyaga."

Wabuge alisikia vizuri. Alikusudia kutii. Lakini ardhi ilipokaribia, buti zile zilikumbuka mafunzo yao: zikashikana kisigino kwa kisigino, magoti yakakunjika, kidevu kikaingia kifuani, na akatua kama askari, akajibwaga kwa ubavu akimbeba mwalimu wake pamoja naye. Wakabingirika kwenye mabua, mara moja, mara mbili, mwavuli ukawafunika wote.

Chini ya kitambaa kikasikika kicheko cha Nyaguthii.

"Hiyo ilikuwa safi sana, Mzee," akasema akitema vumbi. "Tatizo ni kwamba hujaambiwa uifanye."

Watu walikuja mbio kutoka kwenye uzio, Nicanor mbele, simu juu, akiwa amepata video ya kumtosha mwaka mzima. Nakhumicha alifika wa mwisho kwa sababu alikataa kukimbia. Alichutama akaanza kumtoa mumewe mabua kwenye nywele. Aliona macho yake mekundu, akamfuta kwa ncha ya leso, na Wabuge akamshika mkono mbele ya wanaume wote wa kanisa, jambo ambalo hata siku ya harusi hakulifanya.

"Darasa ni saa ngapi?" akamwuliza Nyaguthii.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alirudi peke yake kwa bodaboda. Wanagenzi walikuwa wameketi kwenye nyasi kando ya banda la trekta, karibu wote wa umri wa wajukuu. Akasogea akakaa kando ya msichana aliyekuwa akijing'ata kucha, mwanafunzi wa chuo kutoka Kesses, aliyejitambulisha kuwa Jebet.

"Mzee, mimi naogopa vibaya," akasema Jebet. "Wewe umesharuka mara ngapi?"

Ile hesabu ya zamani ilikuwa tayari imefika ulimini. Wabuge akaimeza, na ilishuka bila kukwama.

"Mara moja," akasema. "Jana. Hebu keti vizuri nikuambie, mwalimu bado hajafika."