Umio Ulikuwa Gogo

Juzi, nyumbani Tunduma, binti yangu aliniomba nimsikilize akikariri safari ya chakula mwilini. Alipokwama nikamsaidia: "Mdomo, umio, tumbo..." Akaangua kicheko. "Mama, mbona ukisema umio unainua mguu?"

Nina digrii mbili, ndugu yangu, na nikageukia kukoroga sufuria ya maharage.

Mguu ule ni wa Ileje nilikokulia, kwenye njia ya kwenda shule. Nilikuwa mzito wa kukariri. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akaniambia niyapande maneno njiani. Mdomo tuliuweka mlangoni kwake. Umio ulikuwa gogo la kuvukia kijito, unainua mguu ndipo unalipanda. Tumbo likakaa kwa jirani mpika pombe ya ulezi, maana kule vitu huchachuka. Utumbo mwembamba ulipindapinda kwenye mibuni, utumbo mpana ukafuata barabara ya vumbi, safari ikaishia choo cha shule. Kila kituo bibi aliuliza, "Hapa chakula kinafanywa nini?" Nisipojua hatusogei, hata umande uniloweshe sketi.

Ikatangazwa kwamba mkaguzi anakuja, na mwalimu akanichagua mimi nijibu. "Ukiniaibisha," alisema, "hutaniona nikicheka mpaka umalize shule."

Asubuhi ya siku hiyo tulikuta mvua imelisomba gogo. Nikalia kwelikweli: umio wangu umekwenda na maji! Bibi akapandisha kitenge, akanishika mkono, tukaingia kwenye maji ya baridi.

"Gogo limeondoka," alisema. "Na kuvuka kumeondoka?"

Mbele ya mkaguzi nikasema "mdomo", nikatafuta gogo kichwani, halipo. Mwalimu akatazama dari. Kisha nikasikia ile baridi ya kijito magotini. Chakula nacho lazima kivuke, kitoke mdomoni kifike tumboni.

"Umio!" nilipiga kelele, na kwa furaha sikuweza tena kukoma: jirani wa pombe, mibuni, barabara, vyote nikavitaja mpaka choo cha shule. Mkaguzi alikohoa kwenye leso. Mwalimu alicheka kuliko darasa zima.

Siku hizi pale pana daraja la zege, pikipiki hazipunguzi hata mwendo. Mibuni imeng'olewa, jirani alihama, bibi amelala kilimani. Njia iliyonitunzia somo haipo. Somo ndilo linalonitunzia njia.

Nikaepua maharage, nikamsimamisha binti yangu mlangoni.

"Hapa ni mdomo," nilimwambia. "Haya, twende. Nishike mkono, gogo linateleza."