Sahani ya Idi

Nakumbuka, mwanangu, ingawa mengine sasa yananijia kama ndoto ya alasiri: ukungu wa mtaa wa Small Heath, moshi wa makaa, na Bi Zaina akipakua sahani moja zaidi.

Nilikuwa kijana, mpangaji wake. Mchana nilitengeneza vifungo vya shaba kwenye karakana moja huko Hockley, jioni nikirudi nywele zinameta vumbi la shaba, naye akinitania kwamba nimeoa jini tajiri. Alikuwa mjane kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyeletwa Birmingham na bintiye. Mwanawe wa kiume, Idi, aliingia msituni na wanamgambo vita vilipoanza kwao, asisikike tena. Kwa hiyo kila jioni Bi Zaina alimwekea sehemu yake na kuifunika kawa. Asubuhi kiporo nilikila mimi. Matanga hakuweka. Utamliaje mtu ambaye hujaambiwa amekufa?

Vita vikaisha, na kiongozi wa wanamgambo wale, tuliyemwita Kamanda, akawa waziri. Alipozuru Uingereza, watu wa kwao walimwandalia karamu ukumbini. Alipendeza yule bwana, suti ya kijivu na sauti ya kubembeleza. Hata mimi nisiye wa kwao nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ndipo Bi Zaina aliposimama akamwuliza habari za mwanawe.

"Mama, Idi ni muzima," alisema Kamanda. "Atakuja."

Ukumbi mzima ulishangilia. Bi Zaina alirudi nyumbani akiimba, kesho yake akanunua blanketi jipya. Miaka ikapita, na blanketi likabaki limekunjwa.

Lakini aliye juu mngoje chini. Wenzake walimpindua, akakimbilia Uingereza, na jioni moja ya majira ya baridi Kamanda akabisha mlangoni kwetu, koti jepesi, theluji mabegani, hana pa kulala. Bi Zaina hakumwuliza kitu. Alimketisha, akafunua sahani ya Idi, akamsogezea.

"Kula, mutoto wangu."

Kamanda alichukua tonge, akalirudisha. Machozi yakamtoka.

"Mama, Idi alikufa siku ya kwanza tulipopigana. Nilimuzika mimi mwenyewe. Siku ile ya karamu watu walinipigia makofi, nikaogopa yatakoma."

Bi Zaina akasema aliyemzika mwanawe hatalala nje, akanituma niwaite majirani. Tukamwekea Idi matanga, na Kamanda ndiye aliyewamiminia watu maji ya kunawa. Nilimchukia, mwanangu, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Wazee walisema ukubwa ni jalala. Ukipewa, utaletewa uchungu wa watu, nawe uupokee. Usimpe mwenye uchungu neno tamu ili wewe ushangiliwe; mpe kweli, hata ikikugharimu kiti. Yule mama alinyimwa mwanawe na vita, kisha akanyimwa kumlia na mtu mmoja aliyependa makofi.

Mungu akujalie ulimi usiomwibia mtu machozi yake. Na siku utakayoanguka, maana sote huanguka, akufungulie mlango kama ule.