Kifungo cha nane kwenye ua wa Al-Dirah

Julius anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Siku hiyo alikuwa juu ya paa la duka moja huko Al-Dirah, katikati ya Riyadh, akifunga tangi la maji. Chini yake kulikuwa na ua wa nyumba ya kale ya udongo, na ndani ya ua alimwona Mkenya mwenzake, Jackton Ogola, akichimba. Jackton akatoa kitu. Akapiga magoti, akavua shati, akakifunika.

"Mtu hafuniki kijiko na shati," anasema Julius. "Huyo jamaa alipata dhahabu. Sasa anajifanya maskini kutushinda sisi."

Wawili hao wanaishi Al-Shumaisi, chumba kwa chumba. Maneno ya Julius yalifika kwenye jengo lao kabla Jackton mwenyewe hajarudi kutoka kazini. Ni miezi miwili sasa. Ijumaa, Wakenya wa hapo wakisonga ugali, Jackton haitwi tena. Anawekewa sahani mlangoni. "Tajiri, chakula chako," mtu husema, kisha ndala zinasikika zikienda zake.

Saa kumi jioni, Jackton anamshusha bosi wake, mzee mwenye nyumba hiyo ya udongo, kutoka kwenye gari na kumshika mkono hadi kwenye kiti cha plastiki uani, chini ya kipande cha dari kilichobaki. Anavaa hedifoni. Anawasha mashine, fimbo ndefu yenye sahani kwa chini, ambayo hulia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Anaanza kutembea.

Anatembea polepole sana. Amevuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kama mistari ya mahindi, na hauachi mstari mpaka aumalize. "Kwetu Ugenya ukiruka mstari, magugu yanakucheka," anasema.

Amejifunza sauti. Msumari unakoroma. Kizibo cha soda kinapiga kelele nyingi kama mtu asiye na hoja. Sarafu inaita mara moja, safi, na kifungo cha shaba kinaita vivyo hivyo ila kwa unyonge.

"Kuna siku nzima sisikii sauti nyingine ila ya mashine hii," anasema Jackton, mwenye miaka thelathini na minne. "Naongea nayo Kijaluo. Haijanijibu bado."

Hakuja huku kutafuta sarafu. Alifika Jeddah mwaka 2012 kama dereva, akamwendesha mtoto wa mzee huyu kwa miaka miwili, akilala kwenye chumba cha nyuma ya duka la simu huko Sharafiya. Likizo yake ya kwanza ilipofika, kijana huyo alimwambia Jackton kwamba baba yake aliyeko Riyadh ni mgonjwa wa magoti na anahitaji dereva. Likizo ikangoja. Inangoja mpaka leo, 2017.

Mshahara ni riyali elfu moja na mia tatu, na haujawahi kuchelewa. Hilo Jackton analirudia, asije mtu akadhani analalamikia pesa.

Anayemlilia ni binti yake, Hannah. Alimwacha mtoto huyo akiwa na miezi mitano. Mwezi wa kwanza mwakani anaingia darasa la kwanza. Mwaka huu, Pasaka, mkewe Rita alimpa mtoto simu, na mtoto akasema, "Shikamoo, anko."

"Rita alicheka," anasema Jackton. "Mimi pia nilicheka. Halafu nikakata simu, nikasema mtandao ni mbaya."

Mzee, ambaye Jackton humwita baba, alizaliwa kwenye nyumba hii. Ana miaka themanini na moja. Marehemu baba yake alikuwa na koti moja la heshima, lenye vifungo vinane vya shaba, kila kimoja na nyota. Mzee na nduguze walipokuwa wadogo walivikata, wakavichezea uani kama gololi, wakavipoteza. Nduguze wote wamekwisha kufa. Amebaki yeye, ua, na mashine aliyoinunua Jeddah.

Kila kinachopatikana kinakwenda kwake. "Nje ya ukuta huu sichimbui hata kwa kijiko," anasema Jackton. "Huku vitu vya kale si mchezo. Hapa ni kwao, karatasi anazo yeye."

Mwanzoni aliharibu. Sarafu ya kwanza aliyopata ilikuwa nyeusi, akaona aibu kumpa mkubwa kitu kichafu. Akafanya kama mama yake anavyofanya sufuria: majivu, ndimu, akasugua mpaka ikang'aa kama mpya. Maandishi yote yakaondoka. Mzee aliigeuza upande huu na upande huu, akaiweka mfukoni, akanyamaza siku tatu.

Siku ya nne alimletea Jackton chupa ya mafuta ya zeituni. Tangu hapo kila sarafu na kila kifungo huoga mafuta hayo wiki nzima, kisha hufutwa kwa kitambaa na kulazwa kwenye trei ya mayai.

Vifungo vilitoka kimoja kimoja, kwa miaka. Kilipotoka cha saba mzee alishika bega la Jackton. "Tukipata cha nane, halas, basi," akasema. "Utakwenda kwenu."

Cha nane kilitoka mwezi wa nane mwaka huu, karibu na kisima kilichozibwa. Mwiko wa kuchimbia wa Jackton ulikigusa ubavuni, ukaacha mkwaruzo. Alikiogesha mafuta wiki nzima, akamkabidhi mzee mkononi.

"Nilikuwa nimeshamwambia Rita apike kuku," anasema.

Mzee alikitia mfukoni. Kesho yake trei ilikuwa na vifungo saba. "Bado kimoja," mzee akasema, akaelekeza kidole kwenye kamba.

Jackton alidhani ni usahaulifu wa uzee. Akaendelea. Baada ya siku tisa, mashine ikaita kwenye mstari aliokwisha kuumaliza, upande wa mlangoni. Udongo ulikuwa laini. Vidole vinne tu kwenda chini, akaona nyota.

Akaona na mkwaruzo. Akakinusa. Kilikuwa na harufu ya zeituni.

Hapo ndipo Julius alipomwona kutoka juu akipiga magoti na kuvua shati.

"Nilikifunika ili baba asione nimekiona," anasema Jackton. "Ningekiinua akione, ningekuwa nimemvua nguo mzee wa watu. Watoto wake wanakuja Ijumaa, wanakula, wanatazama simu, wanaenda. Mimi ndiye ninayemsikiliza habari za koti."

Alikirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kiganja, akavaa shati. "Mafi, baba," akasema. Hakuna kitu.

Mzee alitazama vumbi magotini mwa Jackton. Kisha akaomba maji.

Kwa nini hajamwambia Julius ukweli? "Nimwambie nini? Kwamba nilishika tiketi yangu nikaizika? Afadhali waseme nina dhahabu." Na hili likiandikwa? "Andika tu. Baba hasomi Kiswahili."

Anachotaka ni miezi miwili. Amfikishe Hannah shuleni siku ya kwanza, amshike mkono mpaka darasani, halafu arudi. Anasema atarudi, na anasema hivyo bila kuulizwa. Lakini pasi yake ya kusafiria iko kwenye kabati la mzee, na karatasi ya kutoka nchini ni mzee wa kuiomba. Ameamua kwamba safari hii hatangoja kifungo.

Jua linashuka nyuma ya ukuta. Leo wamepata misumari sita na kipande cha kufuli. Jackton anazima mashine, anavua hedifoni, anachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki ili macho yake yawe chini ya macho ya mzee. Anasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, taratibu, akihesabu maneno kwa vidole.

"Baba. Binti yangu anaanza shule. Miezi miwili. Nikirudi, tutaanza tena kwenye kisima. Niruhusu."

Mzee anatazama upande wa mlangoni, pale ambapo udongo ni laini. Shanga za tasbihi zinapita kwenye vidole vyake, moja, nyingine, nyingine. Adhana ya magharibi inaanza msikiti wa karibu, kisha wa mbali.

Mzee ananyoosha mkono ili ainuliwe. Jackton anaushika, anamwinua, na wanatembea pamoja hadi garini, wakizikwepa kamba.