Sanduku la Mwelu

Mwelu alikuwa na miaka ishirini na tisa alipotengeneza lile sanduku. Hakuwa mwanasayansi, na mwenyewe alikuwa mwepesi wa kukukumbusha hivyo. Alikuwa msaidizi wa maabara katika chuo kimoja katikati ya Nairobi: aliosha vioo, aliunga nyaya zilizokatika, aliwapangia wanafunzi vifaa na kuvirudisha kabatini walipoondoka. Lakini kwa miaka sita alikuwa akisimama nyuma ya darasa la Daktari Macharia, mhadhiri wa fizikia, kitambaa mkononi, akijifanya anapangusa meza. Hakuna mwanafunzi aliyesikiliza kama yeye.

Mwaka 1974 Macharia alitaka jaribio ambalo vifaa vyake havikuwepo. Mwelu akasema ataviunda. Alitafuta sanduku la mbao lenye urefu wa kitanda, akalipaka rangi nyeusi ndani. Upande mmoja akaweka taa ndogo, upande wa pili filamu ya picha. Katikati akasimamisha kioo alichokipaka masizi, kisha akakikwaruza kwa wembe mistari miwili myembamba ili mwanga upitie hapo tu. Mbele ya taa akapanga vioo vingine vya masizi, kimoja baada ya kingine, mpaka mwanga ukafifia kabisa.

"Mwanga mdogo hivi huja kama rasharasha, tone moja moja," Macharia alimweleza. "Kila tone linapita peke yake. Lakini baada ya wiki sita, ukisafisha filamu, utaona matone yamejipanga milia milia, kana kwamba kila moja lilipita kwenye mistari yote miwili. Na ukiweka kitu cha kuchungulia limepita wapi, ile milia inapotea."

"Sasa kabla ya kuchungulia, lilipita wapi hasa?"

Macharia alicheka. "Wakubwa wa fizikia wamegombania hilo miaka hamsini. Wengine wanasema swali lenyewe halina maana. Mimi naona tu kwamba ulimwengu unajibu jinsi unavyoulizwa, na kuna mahali ambapo mtaalamu hana budi kusema: hapa sijui, na siwezi kujua."

Maneno hayo yalimkaa Mwelu rohoni. Alikuwa amekulia mahali ambapo mtu aliyesoma hakusema kamwe kwamba hajui.

Jumapili ya wiki ya nne ya jaribio, kaka yake Mwololo alifika chumbani kwake Kangemi akitokea nyumbani Yatta. Alikataa chai mara ya kwanza, na Mwelu akajua habari si nzuri.

"Mvua imekataa tena," alisema. "Mama anaamka na giza kwenda mtoni. Wanachimba mchanga mpaka mtu anaingia hadi kiunoni, ndio wapate debe moja. Wewe huku unafanya nini?"

Mwelu akamweleza kuhusu sanduku. Alieleza vizuri, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na Mwololo alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo sanduku inasaidia nani?"

Mwelu akauliza kuhusu kisima kilichochimbwa mwaka uliopita kwa mashine.

"Kile? Kimekauka. Yule mtaalamu alikuja mwezi wa Aprili, mvua imenyesha, akauliza watu maji yako wapi. Watu wakamwonyesha, si yalikuwa yanaonekana? Akachora ramani, akaenda. Angeuliza Septemba angepata jibu lingine. Na alikuwa na hakika, huyo! Mama alitaka kumwambia kitu, akaambiwa ngoja, mama, hii ni kazi ya wataalamu."

Mwololo alipoondoka, Mwelu alibaki ameketi kitandani. Mtaalamu, swali lake, jibu alilopata: yote yalifanana mno na maneno ya Macharia, na kufanana huko kulimtisha. Watu si matone ya mwanga. Pengine alikuwa anajitafutia kisingizio cha kubaki na sanduku lake wakati mama yake anachimba mchanga.

Wiki ya tano ilikuja kamati. Ilikuwa imetumwa kuangalia ni masomo gani yanalifaa taifa linaloendelea, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Dedan, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Walizunguka maabara wakiandika. Mbele ya sanduku wakasimama.

"Humu mna nini?"

"Ni jaribio la kwanta, fizikia ya chembe ndogo kabisa, Bwana Mwenyekiti," alisema Macharia. "Limebakiza siku chache."

"Hebu tuone."

Kifuniko kilikuwa kimeandikwa USIFUNGUE kwa herufi kubwa. Mwelu alisema, "Tafadhali, mzee, mwanga utaingia," lakini mkono wa Bwana Dedan ulikuwa tayari umekiinua. Jua la saa sita lilimwagika juu ya filamu. Akachungulia, akaona taa ndogo na vioo vyeusi.

"Hakuna kitu," alisema. Akamgeukia Macharia. "Daktari, niambie kwa neno moja. Mtu wa kijijini atapata nini hapa?"

Macharia, ambaye darasani hakukosa neno, alitazama sakafu. Mwelu akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Atapata wataalamu wanaojua kusema hawajui, mzee. Kwetu tulichimbiwa kisima na mtu aliyekuwa na hakika. Hakina maji."

Bwana Dedan alitabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni, akafunga daftari lake.

Ripoti ilitoka mwezi uliofuata. Ilipendekeza somo la kwanta liondolewe, na ikasema jaribio lililoonyeshwa liliharibika kwa uzembe wa msaidizi aliyeacha sanduku bila kulifunga sawasawa. Chini ya maelezo hayo palikuwa na sahihi ya Macharia.

Jumamosi iliyofuata Mwelu aliteremka bondeni kwa miguu, akapanda hadi Kitisuru ambako Macharia alipewa nyumba ya chuo. Alimkuta anapogoa ua.

"Daktari, ulimwona akifungua."

"Nilimwona."

"Basi?"

Macharia alishikilia mkasi bila kukata. "Nina watoto wanne, Mwelu. Na nyumba hii si yangu. Waliniletea karatasi wakaniambia ni wewe au idara nzima."

"Ulitufundisha kusema kile tu tulichokiona."

"Nilifundisha fizikia," alisema kwa sauti ya chini. Hakumkaribisha ndani.

Njiani kurudi Mwelu alijiuliza kama yeye, angekuwa na watoto wanne, asingetia sahihi. Swali hilo lilimuumiza zaidi ya ile ripoti.

Walimhamishia stoo kuhesabu chupa. Alivumilia miezi mitatu, kisha akaacha kazi. Shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi karibu na Kangemi, ilikuwa inatafuta yeyote anayejua sayansi, wakampokea bila kumwuliza cheti. Alipopata mshahara wa kwanza alinunua pipa la kuwekea maji, akampelekea mama yake. Mama alishukuru, akalipiga kwa kiganja kusikia linavyolia, kisha akasema lingekuwa zuri zaidi kungekuwa na kitu cha kulijaza. Mwololo alitazama kando.

Mwaka 1976, akifundisha kidato cha nne, Mwelu alimaliza mada ya mwanga mapema, akaamua kuwaeleza kuhusu matone yanayopita moja moja. Alichora ubaoni mistari miwili, akachora milia. Kisha msichana mmoja wa mbele, Nyakio, akainua mkono.

"Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?"

"Hapana," alisema Mwelu.

Nusu ya darasa wakaweka kalamu chini. Nyakio naye akaiweka yake, kwa heshima, bila kelele. Mwelu akasita na chaki mkononi, kisha akageukia ubao akaendelea kwa ajili ya wale waliobaki wakiandika, asijue kama anawafaa au anawapotezea wakati.